Jinsi ya Kuichambua Namba 2 345 409 kwa Kalamu na Karatasi

Mtoto aliyemaliza shule ya msingi hapa Lubumbashi huijua namba hii kwa kichwa, kwa sababu ndiyo aliyokaririshwa kuwa eneo la nchi yetu: kilomita za mraba 2 345 409. Huijua kama wimbo. Ukimwuliza kama inagawanyika kwa 11, atakutazama kana kwamba umemwuliza uzito wa jina lake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuichukua namba kubwa nzima kama hii, ambayo hakuna mwalimu aliyeichagua iwe rahisi, ukaivunja hadi kwenye vipande vyake vya mwisho, kisha ukaisoma tabia yake kutokana na vipande hivyo, bila kompyuta na bila mashine ya kuhesabu.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya kuanza. Eneo la nchi hupimwa na kukadiriwa, ndiyo maana vitabu vingine huandika 2 345 410 na vingine 2 344 858. Sifa tutakazozipata hapa ni za namba yenyewe, si za ardhi ya Kongo. Ukibadilisha tarakimu moja tu, karibu kila kitu kinabadilika. Namba mbili zinazofuatana hazina hata kigawo kimoja cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo yote tutakayoyagundua kuhusu vigawo vya 2 345 409 hayatamfaa kitu mtu anayeshika 2 345 410.

Kuhusu maneno: kwa kuwa wanafunzi wetu hujifunza hesabu kwa Kifaransa wanapopanda madarasa, ifahamike kwamba namba tasa ni ile wanayoiita «nombre premier», yaani namba iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kigawo ni «diviseur», na baki ni «reste».

Hatua ya kwanza: nakili namba sawasawa

Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini ndiyo iliyowahi kuniaibisha. Jioni moja umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu Katuba, nami nikawaandikia watoto wa jirani namba hii juu ya sementi ya baraza kwa kipande cha makala, kama tunavyoyaita makaa hapa kwetu. Badala ya 2 345 409 niliandika 2 345 490. Watoto walianza kwa kuigawa kwa 10, wakafurahi, wakaendelea kwa 9, wakafurahi zaidi, na hapakuwa na baki popote. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa amekuja na daftari lake la jografia akasema kwa sauti ya chini, «Mwalimu, huku mwisho wake ni tisa, si sifuri.»

Kosa la kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili zilizo jirani ni baya kuliko mengine, kwa sababu halibadilishi jumla ya tarakimu. Ile «preuve par neuf» tuliyofundishwa shuleni, yaani kukagua hesabu kwa kujumlisha tarakimu, hailioni kabisa. Tofauti kati ya namba sahihi na ile iliyokosewa huwa daima kigawe cha 9. Katika kisa changu ilikuwa 81, na kwa bahati mbaya 81 inagawanyika pia kwa 27, kwa hiyo hata jaribio la 27 lingenipitisha salama katika uongo wangu. Kwa hiyo, ukishaandika namba, iandike kwa makundi ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, na kando yake weka alama tatu: ina tarakimu 7, inaishia na 9, jumla ya tarakimu zake ni 27. Makundi hayo yatatufaa tena baadaye kwa kazi nyingine kabisa.

Hatua ya pili: tazama tarakimu ya mwisho

Inaishia na 9, basi ni namba witiri, haigawanyiki kwa 2, wala kwa 5. Hapa hakuna zaidi.

Hatua ya tatu: jumlisha tarakimu

2 + 3 + 4 + 5 + 4 + 0 + 9 = 27. Kwa kuwa 27 inagawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9. Sababu yake ni rahisi na inafaa kujulikana mara moja ili isikaririwe tu: 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, 1 000 ni 999 na 1, na kadhalika; kwa hiyo kila tarakimu, popote ilipokaa, huacha yenyewe kama baki inapogawanywa kwa 9, na mabaki yote yakikusanywa yanakuwa ile jumla ya tarakimu.

Wengi huteleza hapa. Wakiona jumla ni 27 hudhani namba inagawanyika kwa 27. Kanuni hiyo haipo. Chukua 1 899, ambayo jumla ya tarakimu zake ni 27: ukiigawa kwa 27 unapata 70 na baki 9. Namba yetu inabidi igawanywe kweli, mara kwa mara, hadi 3 ikatae:

2 345 409 ÷ 3 = 781 803
781 803 ÷ 3 = 260 601
260 601 ÷ 3 = 86 867

Tarakimu za 86 867 zinajumlika kuwa 35, na 35 haigawanyiki kwa 3. Basi tumetoa 3 mara tatu, si zaidi, na 2 345 409 = 27 × 86 867.

Hatua ya nne: yapime makundi matatu kwa pamoja

Kanuni ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii hujaribu 7, 11 na 13 kwa pigo moja. Inategemea ukweli kwamba 7 × 11 × 13 = 1 001. Rudi kwenye namba ilivyoandikwa kwa makundi, 2 345 409, kisha anza kulia na utoe na kujumlisha kwa zamu: 409 − 345 + 2 = 66. Baki lolote ambalo namba yetu kubwa ingeacha ikigawanywa kwa 7, kwa 11 au kwa 13, ndilo 66 inaloacha. Sasa 66 ukiigawa kwa 7 inabaki 3, ukiigawa kwa 13 inabaki 1, na ukiigawa kwa 11 haibaki kitu. Kwa mstari mmoja wa hesabu tumezikataa namba mbili na kuikubali moja.

Ukitaka kuona ukali wa jaribio hili, lifanye juu ya namba yangu ya barazani: 490 − 345 + 2 = 147. Namba 147 inagawanyika kwa 7, lakini si kwa 11. Yaani kosa dogo la mkono lilimfukuza 11 na kumkaribisha 7, na vigawo vya ile namba ya uongo ni 2 × 3 × 3 × 3 × 5 × 7 × 17 × 73. Laiti ningalikuwa nimejua mapema kwamba 11 lazima awepo, nisingemsubiri mtoto mwenye daftari la jografia.

Tunaendelea: 86 867 ÷ 11 = 7 897. Jaribu 11 tena juu ya 7 897, kwa kutoa na kujumlisha tarakimu moja moja kutoka kulia: 7 − 9 + 8 − 7 = −1. Hagawanyi tena.

Hatua ya tano: jua utakapoishia

Hapa ndipo watu huchoka kwa sababu hawajui mwisho wa safari. Kama namba inaweza kuvunjwa kuwa mbili, basi mojawapo ya hizo mbili haizidi kipeuo chake cha pili («racine carrée»), yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huileta. Kipeuo cha pili cha 2 345 409 kiko kati ya 1 531 na 1 532. Mtu ambaye angeanza kuijaribu namba nzima kwa kila namba tasa bila kuipunguza njiani angekuwa na namba tasa 242 mbele yake. Lakini sisi tumebaki na 7 897 tu, ambayo iko chini ya 89 × 89 = 7 921; kwa hiyo namba tasa ya mwisho tutakayolazimika kuijaribu ni 83, nazo namba tasa zote kuanzia 2 hadi 83 ni 23. Kati ya hizo, 2, 3, 5, 7, 11 na 13 tumekwisha kuzishughulikia.

Basi gawa 7 897 kwa zilizobaki, moja baada ya nyingine, na andika baki kila mara, kwa maana baki lililoandikwa linaweza kukaguliwa na mtu mwingine: 17 inaacha 9, 19 inaacha 12, 23 inaacha 8, 29 inaacha 9, 31 inaacha 23, 37 inaacha 16, 41 inaacha 25, 43 inaacha 28, 47 inaacha 1, na hilo 1 huwavunja watu moyo kwa sababu walikosa kidogo tu. Inayofuata ni 53, nayo inaingia: 53 × 149 = 7 897.

Je, 149 ni tasa? Kwa kuwa 13 × 13 = 169 inaizidi, inatosha kujaribu 2, 3, 5, 7 na 11, na zote zinaacha baki. Namba 53 hata haihitaji karatasi. Tumefika:

2 345 409 = 3 × 3 × 3 × 11 × 53 × 149

Na hakuna njia nyingine ya kuivunja kuwa namba tasa, isipokuwa kuzipanga hizo hizo kwa mfuatano tofauti.

Hatua ya sita: ifikie kwa mlango wa pili

Mimi siamini jibu lililopatikana kwa njia moja tu. Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mtu wa mahakama huko Toulouse na ambaye hesabu ilikuwa kazi yake ya saa za mapumziko, alieleza mwaka 1643 njia isiyogusa namba tasa hata kidogo. Mfano wake ulikuwa 2 027 651 281, na aliipata kuwa 44 021 × 46 061 baada ya majaribio 12. Namba yetu haifiki hata majaribio 5.

Wazo lake ni hili: ukichukua kipeo cha pili cha namba moja («carré», yaani namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe) ukatoa kipeo cha pili cha nyingine, tofauti hiyo ni sawa na tofauti ya namba hizo mara jumla yake. Basi tafuta kipeo cha pili kilicho juu kidogo ya namba yako, toa namba yako, na utazame kama kilichobaki nacho ni kipeo cha pili kamili. Ikiwa ndiyo, umepata vigawo viwili.

Anza na 1 532, ile iliyo juu ya kipeuo. Kipeo chake cha pili ni 2 347 024. Toa 2 345 409. Inabaki 1 615. Je, ni kipeo cha pili cha namba nzima? Hapana, kwa sababu kipeo cha pili kinachoishia na 5 lazima kiishie na 25.

Ili kwenda kwa 1 533 huna haja ya kuzidisha upya. Jumlisha tu 1 532 + 1 533 = 3 065 kwenye lile baki: 1 615 + 3 065 = 4 680. Inaishia na sifuri moja, na kipeo cha pili hakiishii na sifuri moja. Kinachoongezwa hukua kwa 2 kila mara, basi sasa ongeza 3 067: unapata 7 747. Hapa uwe macho, kwa sababu 88 × 88 ni 7 744, na nimemwona mtu mzima akiandika 88 kwa haraka na kuendelea nalo hadi usiku. Tofauti ya 3 ni tofauti. Tena, kipeo cha pili hakiishii kamwe na 2, 3, 7 wala 8, na tarakimu ya mwisho peke yake ingetosha kuikataa hiyo 7 747. Ongeza 3 069: unapata 10 816, nayo ni 104 × 104.

Tumekwisha. Jaribio hili la nne lilikuwa la 1 535, kwa hiyo vigawo ni 1 535 − 104 na 1 535 + 104, yaani 1 431 na 1 639. Sasa kila kimoja ni kidogo mno kukusumbua: tarakimu za 1 431 zinajumlika kuwa 9, na 1 431 ÷ 9 = 159, ambayo ni 3 × 53; katika 1 639 ukitoa na kujumlisha kwa zamu, 9 − 3 + 6 − 1, unapata 11, na 1 639 ÷ 11 = 149. Vipande ni vile vile vya hatua ya tano. Niseme ukweli kwamba kasi hii ni bahati: imetokana na 1 431 na 1 639 kukaa karibu karibu. Njia hiyo hiyo juu ya 7 897 peke yake ingehitaji majaribio 13, kuanzia 89 hadi 101, kwa kuwa 53 na 149 zimetengana sana kulinganisha na ukubwa wao.

Jambo hili si la barazani tu. Mfumo wa kuficha ujumbe uitwao RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, hutegemea ugumu wa kuivunja namba iliyotengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa. Mwaka 2020 kompyuta nyingi zilifaulu kuivunja namba moja ya aina hiyo yenye tarakimu 250, ilhali namba zinazotumika sana kwa kazi hiyo zina tarakimu 617. Lakini wanaozitengeneza huepuka kuchukua namba tasa mbili zilizo karibu mno, kwa sababu ujanja wa Fermat ungezifumua kwa majaribio machache bila kujali wingi wa tarakimu.

Hatua ya saba: soma tabia ya namba kutoka kwenye vipande

Kwanza, idadi ya vigawo. Ili kutengeneza kigawo unaamua kuchukua 3 ngapi (hakuna, moja, mbili au tatu, yaani njia 4), kisha kama utachukua 11 au la, 53 au la, 149 au la. 4 × 2 × 2 × 2 = 32. Namba hii ina vigawo 32 kamili, pamoja na 1 na yenyewe.

Pili, jumla ya vigawo hivyo, ambayo haihitaji kuviorodhesha. Zidisha (1 + 3 + 9 + 27) kwa (1 + 11) kwa (1 + 53) kwa (1 + 149), yaani 40 × 12 × 54 × 150. Jibu ni 3 888 000. Nilipolipata mara ya kwanza nililirudia mara mbili, kwa kuwa sikutegemea namba yenye sura ya kukwaruza namna ile iwe na jumla laini hivi. Ukiondoa namba yenyewe, vigawo vingine vinajumlika kuwa 1 542 591, kiasi kisichoifikia 2 345 409, na namba ya namna hiyo huitwa pungufu. Namba 6 na 28, ambazo vigawo vyake vidogo vinajumlika kuwa zenyewe hasa, huitwa kamilifu. Hadi leo hakuna aliyepata namba witiri iliyo kamilifu, wala aliyethibitisha kwamba haipo.

Tatu, ni namba ngapi kutoka 1 hadi 2 345 409 ambazo hazishiriki nayo kigawo chochote zaidi ya 1? Zidisha 18 kwa 10 kwa 52 kwa 148: ni 1 385 280. Ile 18 ni idadi ya namba kutoka 1 hadi 27 zisizogawanyika kwa 3. Zile nyingine ni namba tasa zenyewe zikipunguzwa 1.

Nne, na hapa pana utamu, je, inaweza kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili? Ukiigawa kwa 4 inaacha 1, jambo linalotia matumaini. Lakini kanuni inadai kwamba kila namba tasa inayoacha 3 ikigawanywa kwa 4 iwe imetokea mara shufwa, na ndani ya namba yetu 3 imetokea mara tatu na 11 mara moja. Haiwezekani, hata ukitafuta mwaka mzima. Ile sehemu iliyobaki ndiyo inayoweza: 53 ni 49 + 4, 149 ni 100 + 49, na zao lao 7 897 linapatikana kwa njia mbili, kuwa kipeo cha pili cha 84 pamoja na cha 29, na tena kuwa kipeo cha pili cha 69 pamoja na cha 56. Zidisha uone: 7 056 + 841, kisha 4 761 + 3 136.

Hatua ya nane: panga jozi

Ukaguzi wa mwisho ni kuvipanga vigawo vyote 32 katika jozi 16, kila jozi ikizidishwa ilete 2 345 409. Vigawo vidogo vya kila jozi, ambavyo vyote viko chini ya 1 532, ni 1, 3, 9, 11, 27, 33, 53, 99, 149, 159, 297, 447, 477, 583, 1 341 na 1 431. Mwenzi wa kila kimoja hupatikana si kwa kugawanya bali kwa kutazama vipande vilivyobaki: ukishika 583, ambayo ni 11 × 53, kilichobaki ni 27 × 149, yaani 4 023. Ukishika 1 341, ambayo ni 9 × 149, kilichobaki ni 3 × 11 × 53, yaani 1 749. Watoto wa barazani walipofika hapa waligawana jozi, kila mmoja mbili, na sementi ikajaa hadi mlangoni. Zikitoka 15 badala ya 16, anza kwa kuitafuta ile ya 297 na 7 897, kwa sababu ndiyo waliyoisahau wao, na ndiyo ninayoisahau mimi pia.